Mke Mwenzio Anakusalimu

Fairfield, Sydney
19 Januari 2025

Kwa mke wangu mdogo Faida, mtoro wa ndoa,

Salamu nyingi zitoke hapa kwenye joto zikufikie huko kwenye barafu, kama hazitaganda njiani. Mimi mumeo Balagizi ni mzima, ukiondoa magoti, ambayo yalishaniacha zamani. Leo lami ya Fairfield inashika viatu. Nimekaa barazani, miguu ndani ya beseni la maji, na jirani yetu Ronnie ananiangalia juu ya ua kama mtu anayemwona kiboko.

Usiniulize kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu yako ya huko inaongea kama kuku aliyemeza redio, na masikio yangu yamestaafu kabla yangu. Barua haihitaji masikio. Naandika kwa mkono huu walionifundisha mapadri mpaka darasa la tano, wakachoka wao, nikachoka mimi. Lyse, yule binti Mrundi anayekuja kutusaidia hapa nyumbani, ataipiga picha kwa simu yake akutumie.

Na wazungu wako wakikuuliza kwa nini babu yako anakuita mke, waambie kwetu babu hana mjukuu wa kike. Ana mke mdogo. Nyanya yako ni mke mwenzio, na anayekasirika kwa utani huo hana ukoo.

Sasa jambo lenyewe. Mke mwenzio anakonda. Yeye anasema ni joto. Mimi nasema ni wivu, maana nimebandika picha yako juu ya televisheni. Lakini ugali anausukuma pembeni ya sahani kama mtu anayefagia. Jumapili gauni lake la kanisa lilimzunguka mwilini, vifungo vikaenda ubavuni, akaimba wimbo mzima hivyo hivyo.

Ulisema meli ya mwisho inaondoka huko mwanzo wa Machi, na baada yake hakuna meli wala ndege mpaka Novemba. Panda hiyo meli, mke wangu.

Mke mwenzio anakusalimu. Hajui nimekuandikia nini.

Mumeo,
Balagizi


Kituoni, Antaktika
27 Januari 2025

Kwa mume wangu mzee, muongo namba moja wa Fairfield,

Nimeisoma barua yako mezani, nikacheka peke yangu mpaka mpishi akaniuliza kama niko sawa.

Babu, unadhani nimesahau? Nilipochelewa kurudi kutoka chuo kule Melbourne, uliniandikia kwamba Nyanya ametoroka na mchinjaji nyama wa Liverpool, hapo jirani. Krismasi ile niliyobaki kazini, uliandika kwamba wewe mwenyewe umekufa, mazishi Jumamosi, nije na soda. Nikaja mbio, nikakukuta unakula. Sasa eti Nyanya anakonda.

Nilimpigia Jumapili. Aliniambia yuko mzima, ni joto tu. Na wewe unamjua. Ni mtu aliyemfuata mkaguzi wa treni mwenyewe, pale stesheni ya Fairfield, kumwambia kwamba kadi yake ya nauli haikulia asubuhi. Nyanya hajui kudanganya. Kati yake na wewe nimwamini nani?

Nyanya anasema unauliza tena kazi yangu ni nini, maana Mzee Katembo anawaambia watu kanisani kwamba nafuga ndege wa barafuni. Mwambie ni betri, kubwa kama kabati, zinazoweka akiba umeme wa upepo. Betri ikipata baridi kali haifi, Babu. Inazubaa. Umeme umo ndani lakini hautoki, kama wewe asubuhi kabla ya chai. Na ukiisukumia umeme mwingine ikiwa imeganda, inaumia ndani kwa ndani, mahali usipopaona, na haiponi tena. Kwa hiyo tumeijengea chumba chenye kuta nene na mabamba ya joto. Mimi ndiye niliyeandika maagizo yanayoiongoza: tumia kidogo ulicho nacho ujipashe kwanza, halafu ndipo upokee.

Tukifaulu, kituo hiki kitapumzisha dizeli, na watu wengi wanaoishi kwenye baridi watapata umeme wa kuaminika. Lakini jaribio lenyewe ni la majira ya baridi. Nikipanda meli, hakuna mwingine hapa wa kurekebisha maagizo yakikosea. Ndiyo maana nitabaki, mume wangu. Vumilia ujane.

Mpe Nyanya busu la shavuni. Wewe usijipe.

Faida


Fairfield
9 Februari 2025

Mke wangu injinia,

Kumbe nimekusomesha uende kufunika betri blanketi! Mama yangu pale Bukavu alipopika kasiksi, ile pombe ya ndizi, wakati wa baridi, aliwasha moto ndani ya shimo kwanza, akaondoa majivu, ndipo akaweka ndizi. Hakuna aliyempa meli. Lakini nimemweleza Mzee Katembo kuhusu betri. Ameelewa kila kitu, na sasa anasema unafuga ndege wanaotoa umeme.

Sikiliza sasa. Weka kikombe chini.

Jumatano tulipanda treni kwenda hospitali Liverpool, mimi na mke mwenzio. Docta kijana, ana hereni sikioni, alitukaribisha kwenye chumba kidogo. Juu ya meza hapakuwa na kitu ila boksi la tishu. Nilipoliona boksi lile nilijua. Mtu hakuwekei tishu kwa habari ya minyoo.

Ni saratani, iko kwenye kongosho. Sikujua kama ninayo hata mimi. Docta alisema imeshaenea, hakuna cha kukata. Akasema huenda Pasaka hataifikia. Mkalimani alipomaliza kutafsiri alikuwa anatafuta tishu yeye. Unajua mke mwenzio aliuliza nini? Alimwuliza docta kama ameoa.

Kwenye treni ya kurudi aliniambia: "Faida asijue. Akijua atarudi, na akirudi ataiacha kazi aliyoililia tangu mtoto. Tulimzika mama yake, tukamlea, ili afike wapi? Ajifiche hapa kuninawisha?" Akaniapisha kwa jina la mama yako. Nikaapa. Lyse naye akaapishwa jikoni. Yule maskini ni Mrundi kama Nyanya yako, na Mrundi akiapa anaapa kweli; hata barua hii ataipiga picha amefumba macho. Lakini wewe unavijua viapo vyangu. Kwenye ndoa yetu yenyewe niliapa sitakunywa.

Basi nimekwambia. Yeye akisema ni mzima, usimsadiki. Na mimi nikisema anakufa, nisadiki hii mara moja tu, halafu urudi kutonisadiki kama kawaida.

Meli, mke wangu. Meli.

Mumeo wa dhati,
Balagizi


Kituoni
16 Februari 2025

Babu,

Hii imezidi. Utani wa kutoroka na mchinjaji sawa. Ugonjwa wa namna hiyo si wa kutaniwa. Hapa tuna fundi wa mabomba ambaye mama yake alikufa kwa hiyo hiyo kongosho, nilimsomea barua yako nikidhani atacheka, akainuka akaenda zake.

Nilipiga simu siku ile ile. Nilimwuliza Nyanya wazi: "Babu anasema ulikwenda hospitali." Akajibu, "Nilikwenda. Nilimsindikiza yeye na magoti yake." Nikamwuliza kuhusu kukonda. Akasema, "Mwanangu, hapa Sydney watu wanalipa ili wakonde." Nyanya anatania, Babu! Umeshamwambukiza.

Na alimalizia hivi: "Babu yako amekukumbuka. Huo ndio ugonjwa ulioko humu ndani." Nilisikia huruma. Najua nyumba ni kimya bila mimi. Najua ulitaka nirudi. Lakini usinivute kwa njia hii.

Jana tulifunga bamba la mwisho la joto. Baridi imeanza kuuma. Kila mtu hapa anasema majira haya ndiyo yatakayotuhukumu.

Nakupenda, hata ukiwa hivyo.

Faida


Fairfield
24 Februari 2025

Faida,

Nibigira anakufa. Sitanii. Panda meli.

Balagizi


Kituoni
2 Machi 2025

Kwa bwana mkubwa Balagizi, asiyetania,

Umeniua! Barua ya mstari mmoja! Bila magoti, bila Katembo, hata salamu hamna! Na Nyanya umemtaja kwa jina lake, wewe ambaye sijawahi kukusikia ukimwita hivyo. Nimeishi na utani wako tangu nipate akili, lakini huu wa kujifanya huna utani ndio umeushinda wote. Nimeubandika ukutani juu ya kitanda changu.

Nilimsomea Nyanya kwenye simu. Alicheka, akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mwambie babu yako aache upuuzi, mimi hapa nasonga ugali." Na kweli nilisikia mwiko ukigonga sufuria. Niambie, mtu anayekufa anasonga ugali?

Meli imeondoka asubuhi ya leo. Tulisimama kwenye mwamba tukaipungia mikono mpaka ikapotea kwenye ukungu. Nakiri nililia kidogo. Sasa tumebaki wachache, na upepo, na betri zangu.

Tuonane Novemba. Nitakuja na zawadi, na wewe utakuwa umeshabuni vifo vingine viwili vitatu.

Msalimu mke mwenzangu. Mwambie aniwekee sombe yake ya majani ya muhogo kwenye friza.

Mkeo mdogo,
Faida


Kituoni
19 Aprili 2025

Babu yangu,

Hujaniandikia tangu ile barua fupi. Nilidhani umenuna. Nilikuwa natunga namna ya kukuchokoza.

Mchungaji Lazare ndiye aliyenipigia. Nilijua mara tu aliponiita "binti yangu" kabla ya kunisalimu.

Nimeomba ndege. Mkuu wa kituo aliniketisha, akanionyesha ramani na hali ya hewa, akaongea taratibu sana. Alisema hata ingekuwa mimi ndiye mgonjwa mahututi, nisingetoka hapa sasa. Akaniuliza kama nataka chai. Nikasema ndiyo, nikaiacha mezani.

Mazishi niliyaona kwenye simu ya Lyse. Picha ilikuwa inakwama. Mchungaji aliinua mkono kubariki, akabaki hivyo hivyo, mkono juu, mdomo wazi, na mimi namngoja. Iliporudi, watu walikuwa wanakula. Sikuuona udongo. Sijui kama ulitupa udongo wewe au walikushika mkono. Nilikuona umeketi, kofia magotini. Hukuwa unaongea na mtu. Hilo liliniogopesha kuliko jeneza.

Na kitu kingine nakwambia kwa aibu. Wiki hiyo hiyo baridi ilizidi kuliko siku zote tangu tufike. Betri zikajipasha zenyewe, zikapokea umeme wote wa upepo, tukazima dizeli. Haikuwahi kutokea hapa. Wenzangu walipiga makofi, wakanikumbatia. Nilikwenda bafuni nikafungulia maji yenye kelele. Kazi imefaulu, Babu. Hiyo kazi aliyosema nisiiache. Sitaki kuiona.

Najaribu kukukasirikia, siwezi. Uliniambia. Barua baada ya barua uliniambia, na mimi nilikucheka. Aliyenidanganya ni yule niliyemwamini. Namkasirikia yeye, halafu nakumbuka hayupo wa kukasirikiwa. Alisonga ugali, Babu. Nilisikia mwiko.

Sitaki unifariji. Sitaki utani. Nijibu moja tu, na unijibu kweli: mwishoni, aliniulizia?

Faida


Fairfield
4 Mei 2025

Faida,

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Nilijaribu kujibu mara nyingi. Kila nikianza, mkono unataka kutania, maana haujui njia nyingine. Mkono wa mzee ni kama punda wa posho, ukiuachia kamba unarudi kule kule kinu kilipo.

Nianze na mwiko. Ule mwiko ni Lyse. Nyanya yako alikuwa kitandani, mito mitatu mgongoni, simu sikioni. Aliposikia unamsomea barua yangu, alimwonyesha Lyse kwa kidole: jikoni. Lyse akaenda kugonga sufuria tupu. Alirudi analia, akaambiwa alie nje. Na mimi nilikuwepo, nimeketi miguuni pa kitanda. Ningeweza kuichukua ile simu. Sikio langu bovu, lakini mdomo wangu mzima. Alinitazama tu. Ulishawahi kumwona akinitazama vile, siku nilipouza cherehani yake. Nikaiacha simu sikioni pake.

Alipoweka simu alisema, "Kumbe ni rahisi hivi? Na wewe umefanya kazi hii maisha yako yote ukijidai fundi." Ndiyo maneno yake. Halafu akakaa siku mbili bila kusema nami, kwa sababu nilivunja kiapo.

Usimkasirikie sana. Mkasirikie kidogo, anastahili. Mtu aliyesema kweli miaka yake yote alikuwa na akiba kubwa ya kuaminiwa, akaitumia yote kwa mara moja, juu yako. Mimi sikuwa na hata senti ya kuaminiwa siku niliyoihitaji. Nilikuandikia ule mstari mmoja nikautazama, nikasema hapa sasa ataelewa, hakuna hata kichekesho kimoja humu. Sikujua kwamba kwako mimi bila kichekesho ndicho kichekesho kikubwa zaidi. Hukukosea kusoma. Ulinisoma jinsi nilivyokufundisha.

Udongo nilitupa mwenyewe. Katembo alitaka kunishika kiwiko, nikamwambia ashike chake.

Kwenye kilio walingoja mke mwenza. Unajua kwetu: mjukuu ndiye anayesimama kumtania marehemu, aseme alikuwa mchoyo wa chumvi, aseme anakoroma, watu wacheke wapate nguvu ya kulia tena. Mchungaji Lazare alitazama huku na huku. Katembo akasema atasimama yeye. Nikamkataza. Nafasi ni yako, haina naibu. Kwa hiyo tulikaa kimya, mchungaji akasema marehemu alikuwa mpole kama njiwa. Mimi aliyenirushia kandambili mwezi wa kwanza nikasema amina.

Sasa swali lako. Ulisema nikujibu kweli.

Hakukuulizia. Wiki yote ya mwisho hakulitaja jina lako, nami nilikuwa nangoja alitaje, ili nimwambie, unaona sasa. Hakunipa nafasi.

Lakini siku ile, mchana, Lyse alikuwa anambadilisha shuka. Dawa za maumivu zilikuwa nyingi, macho yake yalikuwa yanaona mbali. Akamshika Lyse mkono. Akamwita, "Faida." Lyse akanigeukia mimi. Mimi mume, mimi mwongo wa ukoo, nilitakiwa kusema, hapana, huyu ni Lyse, Faida yuko kwenye barafu, wewe mwenyewe ulimfungia mlango. Sikusema. Nilimwangalia Lyse, nikainamisha kichwa.

Lyse akajibu, "Nipo, Nyanya."

Akakaa akimshika hivyo. Waliongea kidogo. Mimi sikusikia vizuri, sauti zilikuwa chini, na haya masikio. Kabla chai haijapoa alikuwa amekwenda.

Kwa hiyo kwake yeye ulikuja. Nimejiuliza usiku na mchana kama nilikuibia, nikampa mtu mwingine mkono uliokuwa wako. Lyse naye anauliza hivyo hivyo. Tangu siku hiyo hawezi kuitazama picha yako pale juu ya televisheni. Kama tulikosea, tutukane. Tutukane sote wawili, lakini mimi zaidi.

Babu yako,
Balagizi


Kituoni
5 Mei 2025

Babu,

Mwambie Lyse asiogope.

Mwulize tu kitu kimoja, uniandikie kama atakavyokwambia, usiongeze chumvi.

Nyanya aliniambia nini? Na mimi nilimjibu nini?

Faida


Fairfield
6 Mei 2025

Faida,

Nimemwuliza. Tumeketi jikoni, mimi naandika, yeye anasema polepole.

Alikuuliza kama umekuja na treni. Ukasema ndiyo.

Akauliza kama ulipata kiti. Ukasema ulipata, karibu na dirisha.

Akasema huko ulikokuwa kuna baridi, lete mikono. Ukamwekea yote miwili shavuni. Akaipima kwa muda mrefu. Akasema, "Kumbe ina joto."

Ukasema, "Ndiyo, Nyanya. Ina joto."

Basi. Hapo ndipo alipofumba macho.

Babu yako